Kopo la Pili

Miezi michache iliyopita, katikati ya kikao, mbele ya chifu na madirektere wa shule, mama mmoja wa maziwa alimpiga Innocent kibao cha mkono. Kalamu, bic nyekundu, ikamtoka vidoleni, ikaruka mpaka chini ya kabati. Innocent ndiye kijana aliyechukua kiti changu katika biro, yaani ofisi, ya huduma za jamii hapa Karuba. Ni kijana mwenye heshima, hakurudisha. Lakini kesho yake alikuja nyumbani kwangu na kaye, daftari jipya la kurasa mia moja, akaniomba niandike njia za kazi, na kama haitanichosha, niandike pia kwa nini alipigwa.

Haitanichosha. Njia za kazi na kile kibao ni habari moja.

Jina langu ni Klemansi, ingawa vilima hivi vyote vinaniita Mama Sosyal. Nilizaliwa Kibabi, katika familia ya jembe. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana hata walionipandisha hawakumbuki. Nimefanya kazi chini ya mihuri mingi. Kila mkubwa alikuja na wake, na kila mmoja alikuta watoto ni walewale.

Kazi yetu watu hawaijui, wanadhani tunagawa blanketi. Kazi ni hii. Shule ina kitabu cha watoto wake. Kituo cha afya kina kitabu chake. Kanisa lina chake, chifu ana chake, na kila mmoja anafunga chake kabatini na ufunguo. Sisi ndio wa kupita katikati ya vitabu hivyo tukiuliza: huyu aliye huku, mbona kule hayupo? Analala kwa nani? Nani anamfanyisha kazi badala ya masomo? Kuuliza si ujinga, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwahi kumuuliza direktere mbele ya walimu wake.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino. Papa Bauma, mzee aliyeshika kazi hiyo kabla yangu na ambaye alikuwa amebakiza mwaka mmoja apumzike kazi, aliniangalia miguu, akaingia ndani, akatoka na bote za mpira.

"Mama, vaa hizi."

"Papa, hizi si ni za wanaume?"

"Udongo ya Masisi haiulizake hayo," akasema. "Karatasi haina miguu. Weye njo miguu yake."

Tulipanda vilima vitatu siku hiyo, nikianguka kila kilima mara moja. Tulipofika shule, Papa Bauma hakuingia ofisini. Alisimama uwanjani wakati wa mapumziko, akitazama watoto wanavyocheza, akiwauliza habari za mpira na za nyumbani. Niliona mzee wa watu anapoteza saa. Mimi nilikuwa nimetoka Goma na diplome yangu, nikaingia moja kwa moja ofisini nikaomba vitabu.

Na vitabu vyake mwenyewe, jamani, vilikuwa aibu. Majina yameandikwa mpaka pembeni, mishale huku na huku, alama za kuuliza, "koko wake aulizwe", maana yake bibi yake, "nilimuona sokoni Jumanne, anakohoa". Hakuna jina hata moja lililofutwa. Nikamwambia, Papa, kitabu hiki hakuna mkubwa atakayekisoma. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mukubwa hakisomake. Ni miye njo ninakisomaka." Mwezi ule nilinunua rula, na bic nyekundu.

Papa Bauma alipopumzika, akabaki kwake hapa chini karibu na daraja, nikabaki na vilima peke yangu. Mwaka wa pili tukakimbia vita. Wanaoishi hapa hawahitaji kuelezwa, na wasioishi hapa wameelezwa mara nyingi. Tuliporudi, shule zikafunguliwa na nusu ya watoto, na katika vitabu vyote kukazaliwa neno moja: amehama. Hayupo darasani? Amehama. Hakuja chanjo? Amehama. Mara nyingi lilikuwa kweli, ndiyo sababu hakuna aliyeliogopa.

Nilizunguka shule zote na rula yangu. Katika shule moja ya juu ya kilima, direktere, baba mzuri tu aliyechoka, alinisomea darasa la tano, mimi nikifuatisha kwa kidole. Tukafika kwenye jina la Riziki.

"Ule alihama," akasema. "Alienda Kashebere."

"Kwa nani?"

"Kwa watu yake, nazani."

Nikaweka rula, nikapitisha mstari mwekundu juu ya jina, katika kitabu chake na katika changu, nikaandika pembeni: amehama, Kashebere. Riziki alikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuujua uso wake. Lile neno "nazani" nililisikia. Ningependa kuandika kwamba sikulisikia, lakini nililisikia vizuri.

Kitabu changu kilipofika Masisi, mkubwa wangu alikiinua mbele ya wenzangu wote, wajifunze usafi. Nilirudi Karuba kichwa kimevimba.

Baada ya miezi michache, yule direktere akaleta mashtaka. Watoto wa familia za ng'ombe walikuwa wanachelewa kila siku, kwa sababu asubuhi wanashusha mabidoni, madumu ya maziwa, mpaka barabarani ndipo wapande shule. Yeye aliwafungia mlango. Akaniambia niende nikawakanye hao wafugaji. Basi nikashuka barabarani kukipambazuka, kaye mkononi, nimekunja uso.

Pale ndipo nilimkuta Mama Vestine, mama mrefu wa familia ya ng'ombe, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, kopo la bati mkononi. Yeye ndiye alikuwa anapima maziwa ya kilima kizima. Nikaanza hotuba yangu ya haki za mtoto. Akaendelea kupima.

"Mama Sosyal, ikala kwanza," akasema nilipomaliza. "Unasimama sawa vile polisi. Maziwa itaharibika."

Nikakaa. Nilikaa asubuhi ile, na kesho yake, na wiki nzima. Tuligombana kweli, aliniuliza kama nitabeba mabidoni mimi na diplome yangu. Mwishoni tukapatana: chukudu moja, ile baiskeli yetu ya mbao, ipite kila nyumba ikusanye mabidoni yote, na watoto wapande shule mikono mitupu. Direktere akafungua mlango. Alisema ni yeye aliyepata wazo hilo, nami nikamwachia.

Katika wiki hiyo niligundua kwamba Mama Vestine anajua watoto wa kilima kuliko vitabu vyangu vyote. Alinifundisha bila kuinua macho. "Nyumba yenye inakamataka kopo moja, ikianza kukamata mbili, muntu ameingia. Mutoto mugeni, ao mama amezaa. Ikirudia moja, muntu ametoka. Enda uulize." Nikacheka, lakini nikaandika. Nikaenda katika nyumba mbili alizonitajia, na kweli, katika moja nilikuta dada wawili waliokimbia kutoka upande mwingine, hakuna shule iliyokuwa inawajua. Wiki ileile wakaingia darasani.

Siku ya mwisho, akisuuza kopo, akaniuliza: "Na koko wa Riziki? Munasema mutoto alihama?"

"Ndiyo, Kashebere. Nimeandika."

"Basi juu ya nini koko angali anakamata kopo mbili?"

Koko, yaani bibi yake Riziki, alikuwa mkulima, mjane, na alimlea huyo mjukuu peke yake. Ng'ombe wa kina Vestine walikula mabua ya mahindi yake baada ya mavuno, na yeye alipata maziwa kila asubuhi. Ndivyo walivyokuwa tangu kwa babu zao. Kopo moja lake, kopo moja la mtoto.

"Weye unapimaka na bic, miye na kopo," Mama Vestine akasema. "Kati yetu wawili, mumoja iko anadanganya."

Sikunywa hata chai. Nikapanda.

Nilimkuta Koko mlangoni anachambua maharagwe. Ndani, juu ya meza, kulikuwa na kopo limefunikwa na sahani ya bluu iliyovunjika pembeni. Nikauliza ni ya nani.

"Ya Riziki," akasema. "Saa sita, kama hajarudia, ninapatia batoto ba jirani, isiharibike. Lakini asubuhi iko yake."

"Koko, Riziki alienda wapi?"

Akanieleza bila haraka. Mama mmoja wa biashara alipita njiani wakati watu wanarudi kutoka kukimbia, ana mtoto mchanga na mizigo. Akaomba msichana wa kumbebea mtoto mpaka Kashebere. Siku mbili tu, kisha angemrudisha na gari la kwanza. Koko alimhurumia. Ilikuwa imepita miezi minne.

"Nani alishakuya kukuuliza, Koko? Direktere? Chifu?"

"Hakuna. Ni weye njo wa kwanza."

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Riziki yeye alipewa mtoto mgongoni siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nimepiga rula juu ya habari hiyo na kusifiwa. Niliona haya. Nikaomba maji ili nipate cha kufanya na mikono.

Nilipoaga, Koko akaniuliza: "Na ku shule, wanamuchungiaka nafasi yake?"

Nikasema ndiyo. Nilimdanganya mama mzima, nikashuka kilima nikilia kama mtoto.

Kashebere iko upande wa Walikale, na kwa udongo wa msimu ule pikipiki ilituchukua siku mbili, tukilala Nyabiondo. Mwenzangu wa kule alikuwa Papa Hangi, mtu mnene, mpole, mwenye vitabu visafi kama vyangu. Ningejiona ndani yake kama ningekuwa na muda.

"Riziki? Huku hatuna," akasema.

"Tuliandika amekuja kwenu."

"Niliona mu rapport yenu. Nikasema, akifika nitamuandika."

"Sasa hakufika?"

"Hakuna mwenye alimuleta."

"Na hukumtafuta?"

Papa Hangi akavua kofia. "Mama, na weye?"

Tukafungua vitabu vyetu wote wawili. Kwangu alikuwa amekwenda kwake. Kwake alikuwa hajafika. Mtoto wa watu alikuwa ameanguka katikati ya karatasi mbili safi.

Tulizunguka shule zote za Kashebere, hayupo. Kanisani hayupo. Barabara ile ni ya biashara, akina mama wenye mizigo na watoto wachanga ni wengi, na Koko hakujua jina la yule mama. Siku ya tatu tukaingia kituo cha afya. Muganga aliyekuwa zamu, mtu mkali, akatuambia pale wanaandika watoto wachanga tu, wa miaka kumi na mmoja tukamtafute kwenye mpira. Papa Hangi akageuka kuondoka. Mimi miguu ilikuwa inauma ndani ya zile bote, nikakaa, na kwa kuwa nimekaa nikaomba kitabu cha chanjo.

Kilikuwa na mistari mingi: jina la mtoto, jina la mama, kijiji, chanjo gani. Mwisho kabisa, pembeni, nafasi nyembamba: aliyemleta. Nikafuatisha na kidole. Mama. Mama. Mama. Koko. Mama. Baba, huyo mmoja. Mama. Halafu: Riziki, dada. Nikageuza ukurasa wa mwezi uliofuata. Riziki, dada.

"Papa Hangi!" nikaita, na muganga akaniambia nisipige kelele, wagonjwa wamelala. Ningembusu. Hakuna aliyewahi kusoma ile nafasi nyembamba, lakini yeye aliijaza kila siku, kwa sababu kitabu kilitaka ijazwe na yeye ni mtu mkaidi. Mungu ambariki huko aliko.

Jina la mama wa mtoto lilikuwapo, na nyumba yake Papa Hangi aliifahamu. Alitaka twende palepale. Nikamkumbuka Papa Bauma amesimama uwanjani, anatazama watoto kabla ya kuingia ofisini. Tukienda na kelele, yule mama angeweza kumficha mtoto ndani, au kumpandisha gari. Chanjo ilikuwa kesho yake, na yule mchanga zamu yake ilikuwa imefika. Nikasema tumsubiri.

Kesho yake nilikaa kwenye benchi kati ya akina mama. Alikuja katika wa mwisho, msichana mwembamba, mtoto mgongoni mnono kuliko yeye, kadi ya chanjo mkononi. Nikamsogelea taratibu.

"Weye ni Riziki wa Karuba?"

Akaniangalia bote, kisha uso. "Mama, Karuba kungali watu?"

"Wamejaa."

"Walinisemaka watu yote walikimbia. Walisema koko, hata pahali iko haijulikane."

"Koko iko ku nyumba. Anakuchungiaka maziwa kila asubuhi. Anafunika na sahani."

Akanikazia macho. Alikuwa amekwisha kudanganywa na mtu mzima, hakutaka wa pili. "Sahani gani?"

"Ya bleu. Imevunjika pembeni."

Hapo akakaa chini na mtoto mgongoni, akalia. Mtoto naye akalia. Benchi zima la akina mama likaanza kulia bila kujua kwa nini, na mimi nikiwa wa kwanza. Muganga akatoka mbio kuuliza ni nani amedungwa sindano mahali pabaya.

Yule mama wa biashara alikuja mbele ya chifu na kamati ya Kashebere akiwa mkali. Alimlisha, alimvika, hajampiga, tunataka nini? Papa Hangi, mpole yule, akamjibu kwamba alimdanganya mtoto kwamba hana tena mtu duniani, ili asiombe kurudi. Yule mama naye akaanza kulia, maana kweli hakuwa na wa kumshikia mtoto anapokwenda sokoni. Sikumpenda. Lakini sikuondoka Kashebere mpaka dada yake alipokubali mbele ya kamati kumlea yule mchanga siku za soko. Mtoto ni mtoto, hata wa mtu aliyekuudhi.

Nilimrudisha Riziki kati yangu na dereva wa pikipiki. Tulifika asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vilio na vigelegele, na majirani walivipiga. Koko yeye alisimama, akamshika mjukuu uso kwa mikono miwili, akamgeuza kulia na kushoto. Kisha akatoa sahani juu ya kopo.

"Kunywa, imeshapoa," akasema. "Siku mbili yako iko murefu, wee mutoto."

Kesho yake tukaenda shuleni, mimi na Riziki. Direktere akafungua kitabu cha darasa la tano juu ya meza. Nilikuwa nataka kumzuia, nikachelewa. Mtoto alijua kusoma. Akaweka kidole juu ya mstari mwekundu.

"Ni nani alinifuta?"

Direktere akatazama mabati.

"Ni miye," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Walisema ulihama."

"Uliuliza koko?"

"Hapana, mama. Sikumuuliza."

Akafikiri kidogo. Sijawahi kukaa mbele ya jaji, lakini siku hiyo inanitosha. "Basi uniandike tena," akasema. "Lakini hapana na ile nyekundu."

Nikamwandika chini kabisa ya ukurasa, kwa buluu. Jioni nikapita kwa Papa Bauma pale darajani, nikamweleza yote, na uongo niliomwambia Koko pia. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Bon," akasema, "sasa zile bote zimekuwa zako."

Wiki ile nilipita shule zote nikakusanya bic nyekundu. Madirektere walilalamika, watasahihishaje hesabu? Nikawaambia sahihisheni na buluu, kosa litabaki kosa. Kisha nikawaomba waje, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, katika biro ya chifu, na vitabu vyao: shule, kituo cha afya, makanisa. Na maziwa, nikasema. Wakacheka. Mama Vestine akaja bila kitabu, na ndoo yake ya kukalia, kwa sababu viti vya serikali hakuviamini. Papa Hangi tulimpata kwa simu, tukipanda wote juu ya kile kilima chenye mtandao, chifu akihema nyuma.

Njia yenyewe, Innocent, ni hii tu, usitafute nyingine. Jina la kila mtoto asiyeonekana linasomwa kwa sauti. Msomaji anauliza: "Nani alimuona na macho yake?" Mtu anajibu: miye, siku fulani, fasi fulani. Si "nazani", si "walisema". Kama yuko Kashebere, mtu wa Kashebere amuone, aseme amemuona. Kama hakuna aliyemuona, jina halifutwi, linasomwa tena mwezi ujao, na mtu mmoja anaondoka pale na kazi ya kumtafuta. Mikutano ya kwanza ilikwenda mpaka mchana na watu walikasirika. Kisha wakaanza kuja na majibu mfukoni, kwa sababu hakuna anayependa kunyamaza mbele ya watu mwezi wa pili. Muganga wetu akaanza kusoma ile nafasi nyembamba. Katekista akaanza kuhesabu watoto wa kwaya. Ndivyo tulivyowapata wengi, mmoja mmoja, wengine karibu sana na walipokuwa wanatafutwa.

Si wote. Kuna majina mawili tuliyoyasoma miaka na miaka, na mpaka leo yanasomwa. Mama wa mmoja huja kusikiliza jina la mwanawe, halafu anarudi shambani. Aliniambia anapenda kulisikia likitoka kinywani mwa mtu mwingine. Msichoke kulisoma.

Riziki alimaliza shule ya msingi, akasoma kidogo sekondari, akaolewa hapahapa. Koko alikufa mzee, kitandani kwake, mjukuu pembeni. Magoti ya Mama Vestine yalipokataa kushuka barabarani, alimwachia Riziki lile kopo la bati, na nafasi yake katika kikao. Watu wa pande zote mbili walinung'unika kidogo: binti wa jembe atapimaje maziwa ya ng'ombe? Akawapimia, wakanyamaza.

Sasa kile kibao.

Nilipopewa karatasi ya kupumzika, nitasema wazi, niliogopa. Mume wangu alishatangulia, wanangu wako Goma. Nilijua kuliko wengi jinsi jina linavyotoka kitabuni. Hakuna anayelisukuma. Watu wanaacha tu kuuliza. Nilikwenda kwenye kikao changu cha mwisho nimevaa kitenge changu kizuri na moyo mzito, nikakaa nyuma, karibu na mlango.

Innocent alifungua kitabu cha wanakamati. Yeye ni msafi, kama nilivyokuwa. Akaweka rula juu ya jina langu, akatoa bic nyekundu. Hakuwa na ubaya wowote, ndiyo utaratibu: mtu amepumzika, anatolewa. Riziki alikuwa amekaa pembeni yake. Paa! Bic chini ya kabati.

"Weye!" akamwambia. "Uliona na macho yako kama ameenda? Si ule amekaa pale ku mulango?"

Chifu akacheka wa kwanza, kisha wote. Innocent akaomba samahani, akaandika pembeni kwa buluu: amepumzika, yuko Karuba. Na tangu siku hiyo, wanapomaliza majina ya watoto, wananisoma na mimi. Mwanzo nilidhani ni mzaha. Lakini Innocent anasoma kwa uso uleule: "Mama Klemansi. Nani alimuona na macho yake?" Na Riziki anajibu: "Miye. Leo asubuhi. Nilimupelekea maziwa."

Wiki hii nilikwenda Goma kuwaona wanangu. Niliwaambia majirani siku mbili, wajukuu wakanishika, nikakaa sita. Jana asubuhi nikarudi na gari la kwanza, nikapanda na mfuko wangu mpaka nyumbani, nikidhani nitakuta mlango na vumbi.

Kwenye kizingiti kulikuwa na kopo, limefunikwa na sahani ya bluu iliyovunjika pembeni. Mtoto wa jirani alikuwa amesimama karibu, anasubiri saa sita ifike, akasikitika sana kuniona. Nikamwita, tukakaa chini mlangoni, tukanywa wote wawili.